Mbuzi wa Witeithie

Mourine Ajwang hakuwa na ugomvi na nyama ya mbuzi. Ugomvi wake ulikuwa na mbuzi mmoja tu, yule aliyechinjwa Witeithie, mji mdogo kati ya Thika na Ruiru, kila mwisho wa Juni kwa heshima ya wakaguzi wa hesabu. Wenyeji waliuita ukarimu. Huenda mwaka wa kwanza ulikuwa ukarimu kweli, maana mgeni hulishwa, na mkaguzi naye ni mgeni. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Githae alikuwa mgeni wa Shiba Feeds kwa mwaka wa tisa sasa bila kugusa hata mpini.

Githae ndiye aliyekuwa na ofisi ya ukaguzi mjini Thika, na Mourine alikuwa ameajiriwa kwake miezi michache tu baada ya kumaliza mitihani yake ya uhasibu. Shiba Feeds, kampuni ya kusaga chakula cha mifugo, ndiyo iliyokuwa mteja wao mkubwa. Ilikuwa na maghala mawili, moja Thika na moja Ruiru, na wanahisa wengi wadogo wadogo: wafugaji wa ng'ombe wawili watatu, walimu waliostaafu, akina mama wa vyama, wafanyakazi wa viwandani. Mwaka huo ilikuwa inauza hisa mpya ili ijenge kinu kipya. Mabango yake yalikuwa yamebandikwa kuanzia Thika hadi Mwihoko, na chini ya kila bango palikuwa na neno moja kwa wino mwekundu: IMEKAGULIWA.

Jambo la magunia ni rahisi, na wanaolifanya lionekane gumu wana sababu zao. Kampuni ikidai ina magunia mengi kuliko yaliyomo ghalani, faida yake hupanda bila mtu kuuza hata gunia moja. Ndiyo maana mkaguzi hutoka ofisini, akavaa buti, akapanda ngazi na kuhesabu kwa macho yake mwenyewe. Asipofanya hivyo, karatasi anayoitia sahihi ni ya kufungia maandazi.

Basi asubuhi ile Mourine alivaa buti akahesabu. Ghala la Thika lilikuwa limejaa mashudu na pumba, magunia yamepangwa juu ya paleti hadi karibu na mabati. Alipofika kileleni mwa rundo la mwisho akakuta pengo, gunia moja halipo, na ndani ya pengo hilo wamelala watoto watatu wa paka. Mmoja alikuwa na uso uliogawanyika katikati, nusu mweupe nusu mweusi, kana kwamba aliyekuwa akimpaka rangi aliitwa chakula kabla hajamaliza. Mama yao, paka wa kijivu mwenye mkia uliokatika, alimkazia Mourine macho hadi akashuka. Mourine alicheka peke yake. Alikuwa bado na moyo wa kucheka.

Alitaka kubandika stika kwenye kila paleti aliyokwisha kuihesabu, ili isihesabiwe mara mbili, kama alivyofundishwa. Githae akamzuia.

"Sisi si polisi, Mourine. Hawa ni watu wetu."

Gerishon, mkurugenzi wa Shiba, mtu mnene mwenye sauti ya mhubiri, alikuwa ameshashika funguo za gari. "Twendeni Witeithie," alisema. "Mbuzi imeiva, na mkiendelea hivi itakuwa kuni."

Chakula chenyewe kilikuwa kirefu. Kwanza Gerishon aliomba, akaombea nchi nzima na mvua yake. Kisha ikaja supu, halafu mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, halafu mbavu, halafu mguu, na kila sahani ilipoisha nyingine ikawa njiani. Mourine alikula. Alikuwa na njaa na nyama ilikuwa laini. Alipotoka kunawa mikono kwenye tangi lililokuwa kando ya barabara, aliona malori ya Shiba yakipita kuelekea Ruiru, yamefunikwa maturubai, moja nyuma ya jingine. Akajisemea kwamba biashara ya hawa watu inaenda vizuri. Akarudi mezani akaongezewa kachumbari.

Ghala la Ruiru nalo lilikuwa limejaa. Mourine alipanda ngazi tena, tumbo zito, akahesabu rundo baada ya rundo. Alipokaribia la mwisho akasikia sauti nyembamba, kama mlango unaohitaji mafuta. Akachungulia. Ndani ya pengo la gunia moja walikuwa watoto watatu wa paka, wanatetemeka, wamejazana kona moja, na yule wa katikati alikuwa na uso nusu mweupe nusu mweusi.

Alikaa juu ya magunia yale kwa muda, akiwatazama. Aliyakumbuka malori. Aliikumbuka ile sala ndefu. Akaelewa ni kwa nini chakula cha Witeithie kilikuwa na sahani nyingi hivyo, na nyama yote aliyokula ikamgeukia tumboni.

"Boss," aliita kutoka juu. "Hawa paka niliwaona Thika asubuhi."

Githae alikuwa amesimama mlangoni akijichokonoa meno. Hakuinua kichwa. "Paka wote wanafanana."

"Huyu hafanani na yeyote. Kuja umwone."

Gerishon alicheka. "Msichana ameshiba sasa anaona vitu."

Mourine alishuka. "Turudi Thika saa hii. Kutoka hapa si mbali. Tukifungua lile ghala na tupate magunia yako pale, nitaomba msamaha mbele ya kila mtu."

"Thika tulimaliza," Githae alisema, na sasa alikuwa anamtazama. "Nilishasign. Andika namba ya hapa, twende nyumbani, watu wamechoka."

Walioshiba ndio waliochoka. Mourine alihisi masikio yakiwaka moto. Watu wazima wawili, mmoja na vyeti vimejaa ukuta mzima, mwingine mzee wa kanisa, walikuwa wamesimama mbele yake wakimdanganya bila hata kujisumbua kutunga uongo mzuri. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Hawakumwona kuwa mtu wa kutungiwa uongo mzuri.

Aliokota katoni tupu, akapanda tena, akawaweka wale watoto ndani, akatoka langoni bila kuaga. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ya kwao ilianzia Thika ikaishia Ruiru. Akapanda gari la kwanza kurudi ilikoanzia.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika. Mlinzi wa ghala la Thika, mzee mmoja aitwaye Boaz, alifungua lango alipoona watoto wa paka ndani ya katoni.

"Afadhali umewaleta, madam. Mama yao amelia tangu mchana mpaka nikashindwa kukaa."

Ndani, ghala lilikuwa sakafu tupu yenye alama za magurudumu ya foklifti. Katikati ya sakafu ile pana, paka wa kijivu alikuwa akizunguka mahali palipokuwa na rundo, akinusa saruji. Mourine alimwekea katoni chini. Paka aliingia moja kwa moja, na kilio kikakoma.

Alipiga picha ukuta hadi ukuta. Kisha akamuuliza Boaz magari yalikuja saa ngapi.

"Si ni pale mlipoenda lunch? Kila mwaka yanakuja mkienda lunch, na kesho yake yanarudisha mzigo." Boaz alimtazama kwa mshangao. "Kwani hamjui? Sisi hapa tulidhani ni nyinyi mlipanga."

Miaka tisa watu walikuwa wameona, wakanyamaza, kwa sababu waliamini mwizi na polisi walikuwa wamekaa meza moja. Na walikuwa wamekaa meza moja kweli.

Jumatatu aliingia ofisini kwa Githae na zile picha. Githae alizitazama zote, akamrudishia simu yake taratibu.

"Kaa chini, Mourine. Wacha nikuambie vile dunia inaenda. Hii kampuni si mbaya. Imekosa pesa kidogo. Hisa mpya zikiuzwa, mashine zitakuja, magunia yatakuwepo ya kweli. Lakini nikiandika leo ati stock haipo, watu watatoroka wote na kampuni ikufe. Hao wanahisa unawalilia ndio watapoteza kila kitu. Kazi yetu ni kuwapa watu imani."

"Imani juu ya nini? Juu ya sakafu?"

"Ukila na kipofu, usimguse mkono."

"Huyo kipofu ni baba yangu," Mourine alisema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mzee Jeconia Ajwang alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha nguo Thika tangu alipotoka Siaya akiwa kijana mbichi, hadi kifua chake kilipoanza kukohoa pamba. Sasa alikuwa amestaafu, anaishi katika nyumba ya kupanga huko Kiuu, na malipo yake ya uzeeni yalikuwa benki yakingoja hisa za Shiba. Si yeye peke yake. Alikuwa amewaambia watu wa kanisa lake, na majirani, na mama muuza samaki wa pale stendi, kwamba kampuni ile ni salama kwa sababu msichana wake ndiye anayeikagua. Haya yote Mourine alimwambia Githae.

Githae aligongagonga meza kwa kidole. Mourine alidhani amepata haya. Kumbe alikuwa anapiga hesabu.

"Watu wa Kiuu wanakuamini," alisema mwishowe. "Vizuri. Hutaki kuweka jina lako kwa ripoti, sawa, nitaweka langu. Lakini siku ya mkutano utasoma wewe. Wakisikia mtoto wao, watatoa pesa. Ukikataa, usirudi hapa, na ofisi zote za hesabu kutoka hapa mpaka Nairobi nitazipigia mimi mwenyewe."

Mourine alifungua mdomo amwambie ajisomee, kisha akaufunga. Msomaji ndiye hushika maikrofoni. "Sawa," alisema, na Githae akatabasamu, kwa sababu mtu aliyezoea kununua watu huona kila "sawa" ni risiti.

Jumapili iliyofuata alienda Kiuu akamweleza baba yake yote: malori, paka, sakafu. Alitarajia mzee ashukuru kwamba pesa zake zimeponea chupuchupu. Jeconia aliweka kikombe cha chai mezani kwa nguvu hadi chai ikamwagika.

"Kwa hivyo nifanye nini? Nitoe jina langu polepole, nikimbie kama panya, niache hawa wengine ndani? Mimi ndiye niliwaambia wanunue."

"Waambie wasinunue, Baba."

"Hawatanisikia! Watasema nimekuwa mzee, naogopa. Watasema imekaguliwa." Alipumua kwa shida, akapangusa meza kwa mkono wake wa shati. "Nyathina, mtoto wangu, sikia. Mimi hesabu sijui, lakini sauti yako naijua. Siku hiyo nitakaa mbele na pesa yangu. Ukisimama usome kwamba ni nzuri, nitatoa yote."

"Hata kama unajua ni uongo?"

"Hata kama najua. Nitafanya nini? Nikatae, watu wote waone Ajwang haamini mtoto wake? Sitakuaibisha mbele za watu. Kwa hivyo chunga vile utasoma."

Mourine alitoka mle ndani kwa hasira. Alimkasirikia Githae, akamkasirikia Gerishon na sala zake, akamkasirikia na baba yake pia, kwa sababu mzee alikuwa amemfunga kitanzi kwa upendo, na kitanzi cha upendo hakina pa kukatia.

Mkutano ulifanyika Jumamosi moja ya Septemba, kwenye uwanja wa Shiba kule Ruiru, chini ya mahema meupe. Kabla ya kukaa, wanahisa walipitishwa ghalani kwa makundi ili wajionee. Ghala lilikuwa limejaa hadi mabati. Watu waliyapigapiga magunia kwa viganja kama wanunuzi wa matikiti, wakatoka wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Nyuma ya mahema sufuria zilikuwa zinatokota. Mbuzi walikuwa kumi au zaidi, na harufu ilikuwa imeshawashika watu hata wasikilizaji wa nyuma walikuwa wamegeuza viti nusu.

Jeconia alikuwa mstari wa mbele katika koti lake la Pasaka, bahasha ndani ya mfuko wa kifuani. Nyuma yake walijaa watu wa Kiuu.

Gerishon aliomba, akahutubia, akataja faida ya mwaka, na watu wakapiga makofi. Kisha akamwita Mourine kwa mbwembwe. "Wengine wenu mnamjua, ni mtoto wenu. Auditor, kuja utusomee."

Mourine alichukua karatasi. Githae, kwenye meza kuu, alimwashiria asogee karibu na maikrofoni.

"Kwa maoni yetu," Mourine alisoma, "hesabu hizi zinaonyesha hali ya kweli na ya haki ya kampuni." Alimwona baba yake akiingiza mkono kifuani. Akaikunja karatasi. "Hivyo ndivyo imeandikwa. Si mimi nimeandika. Ripoti inasema mwisho wa Juni maghala yote mawili yalikuwa yamejaa. Hili la hapa mmeliona leo limejaa. Nani ameona la Thika?"

Makofi yaliyokuwa yameanza huko nyuma yalikufa.

"Zima hiyo kitu," Githae alimwambia fundi wa mitambo, lakini fundi alikuwa na mama yake miongoni mwa wanahisa, na hakusikia.

Mourine alikuwa ameshatoa simu. Upande wa pili alikuwa Waceke, ambaye watu wa Thika humwita Mama Kui, mfugaji na mwanahisa, mwanamke asiyeogopa mtu wala mbwa. Walikuwa wamepatana tangu juzi. Mourine aliisogeza simu kwenye maikrofoni.

"Mama Kui, uko wapi?"

"Niko hapa ndani ya store ya Thika." Sauti ilijaza mahema yote. "Mlinzi alinifungulia nikamwonyesha karatasi yangu ya hisa. Sasa mnataka nihesabu nini? Hapa ni simiti tupu. Kuna paka tu, mkubwa na wadogo, mmoja uso wake ni kama umekatwa mara mbili."

"Mzigo umeenda wapi?"

"Mlinzi anasema umebebwa jana kuletwa huko kwenu. Anasema pia huwa unabebwa auditor wakienda kula mbuzi. Wee Gerishon, kama unanisikia, mimi niliuza ndama nikanunua hisa zako. Nakuja huko. Usiende mahali."

Gerishon alisimama akasema ni njama ya washindani, kwamba mzigo ulihamishwa kwa sababu za kiusalama. Hakuna aliyemsikiliza. Mama muuza samaki wa Kiuu alikuwa ameshafika meza kuu, akauliza swali moja tu, tena kwa sauti ya kawaida: mwaka jana mlihesabu nini? Akamuuliza Githae, si Gerishon. Githae alitazama karatasi zilizokuwa mbele yake kana kwamba jibu lingeota hapo. Watu wakaanza kusimama, viti vikaanguka, na mtu mmoja akang'oa bango la IMEKAGULIWA akalikanyaga.

"Umeniua," Githae alimwambia Mourine alipopita karibu naye.

"Ulikuwa na miaka tisa ya kupanda ngazi," Mourine alimjibu. "Ulikuwa unakula."

Hapakuwa na kazi ya kurudia Jumatatu, hilo alilijua. Alijua pia kwamba si wote waliomshukuru. Walikuwepo waliomlaumu waziwazi, kwamba hisa zao za zamani sasa zitakuwa karatasi tu, kwamba angenyamaza hadi wauze. Na zilipofunuliwa sufuria, wengi walipanga foleni, kwa sababu nyama ilikuwa imeshaiva na hasira haijazi tumbo. Mourine aliwatazama wakipokea sahani, akataka kumtukana kila mmoja wao.

Jeconia alimjia polepole, mkono bado juu ya mfuko wa koti. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu usiku, akiiwekea nafasi karamu hii aliyoisubiri mwezi mzima. Alizipita sufuria bila kugeuza shingo. Mpishi alimnyoshea sahani, naye akaisukuma kando kwa adabu.

"Twende nyumbani," alimwambia binti yake. "Kuna omena."

Walitoka langoni pamoja. Nyuma yao kelele zilikuwa zinapanda. Walipofika barabarani mzee alisimama kupumzisha kifua, akamtazama.

"Ile siku ya Witeithie," aliuliza, "wewe ulikula?"

"Nilikula, Baba."

"Ilikuwa tamu?"

Mourine alifikiria kumwambia kwamba ilimgeukia tumboni baadaye. "Ilikuwa tamu sana," alisema.

Jeconia aliitikia kwa kichwa. "Wanajua kupika," alisema, na wakavuka barabara.